Kayaki ya pedali: spea kwanza, dhamana baadaye

SWALI: Niko Mtwapa, nataka kayaki (mtumbwi mdogo mwembamba) ya pedali ya kuvulia kwenye mikoko. Kuna mpya ya propela, haina jina, inauzwa mtandaoni kwa dhamana ya miaka 5. Nyingine ni ya chapa ya Hobie, iliyotumika, ya mapezi yanayopiga maji chini yake. Nichukue ipi?

JIBU: Hiyo miaka 5 isikubabaishe. Dhamana nyingi za kayaki humlinda mnunuzi wa kwanza tu, hazihesabu chombo cha kukodisha watalii, na nauli ya kukirudisha huwa juu yako. Chombo cha kilo 40 au 50 kukirudisha ng'ambo ni hasara tupu. Hobie nayo, kwa kuwa ni mtumba, ihesabu haina dhamana.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji mchoro wa mashine ya pedali wenye namba ya kila kipande, pamoja na bei ya sili (mpira wa kuzuia maji), pini na propela, kimoja kimoja, hadi Mombasa. Akisema anauza mashine nzima tu, achana naye. Uliza pia namba za beringi. Ya 6001, kwa mfano, yenye tundu la milimita 12 na kipenyo cha nje cha 28, utaipata kwenye maduka ya beringi. Ya kipimo cha peke yake utaiagiza na kusubiri.

Ugonjwa wa propela ni mshipi wa kuvulia. Hujizungusha kwenye shafti, ukala sili, maji ya chumvi yakaingia kwenye giya. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia. Ishike propela isizunguke, kisha tikisa pedali: zikicheza sana, giya au beringi zimelika.

Kwenye mapezi kagua cheni, kebo, na vyuma vinavyoshika mapezi, maana vikigonga mwamba hupinda. Hobie imeuza mfumo huu tangu 1997, na matoleo ya zamani hayarudi nyuma kwa pedali, jaribu mwenyewe. Faida yake ni kwamba maji yakipwa, ukisukuma pedali moja hadi mwisho mapezi hulala chini ya bodi.

Bodi imiminie lita 20 za maji ndani, ilaze ubavu huu na ule, futa nje, kisha chungulia kuzunguka tundu la mashine. Nguvu ya miguu huishia hapo, na nyufa huanzia hapo.

Ikipita jaribio hilo, ningechukua Hobie, na kebo na cheni za akiba ningeziagiza siku hiyohiyo.