Kutaja milima ni jambo moja, kusoma ramani ni jingine

Ndugu mzazi, umeuliza kwa nini kijana wako wa kidato cha tatu anataja milima na mito bila kukosea, lakini akiwekewa ramani anakwama. Kutaja ni kazi ya kumbukumbu, ilhali kusoma ramani ni stadi inayojengwa hatua kwa hatua. Dira, skeli na alama hueleweka mapema. Ugumu huja pale anapotakiwa kuitazama mistari ya kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo sawa, kwenye ramani ya 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita 1 ardhini, na kuona akilini mwake kwamba mistari iliyobanana ni mteremko mkali na iliyoachana ni ardhi tambarare. Hapo kukariri hakumsaidii. Mpeleke kwenye kilima chochote cha mawe hapa Dodoma akiwa na ramani mkononi, naye aonyeshe kwa kidole mahali aliposimama na upande ambao maji ya mvua yataelekea.

Baada ya hapo huja stadi ya kueleza sababu, ambayo kwa maoni yangu tunaipa muda mdogo mno. Kondoa, wilaya ya mkoa huu wa Dodoma, ni somo tosha: ardhi ilimomonyoka ikabaki makorongo, mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ukaanza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa ili uoto urudi. Mwulize kijana kwa nini ng'ombe waliondolewa, kisha msikilize kama anaunganisha mvua, mteremko, udongo na malisho katika hoja moja.