Tuliuliza mara mbili kuhusu kuokoa benki, tukapata majibu mawili

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni katibu wa AMCOS (chama cha ushirika wa mazao) ya kahawa, Moshi Vijijini. Bodi ilitaka kujua wanachama wanaonaje serikali kunusuru benki zinazofilisika. Mkutano wa kwanza tuliuliza: "Serikali itumie kodi zetu kuokoa benki iliyoshindwa kujiendesha?" Wengi walikataa. Wiki mbili baadaye tukauliza: "Serikali ichukue hatua kulinda akiba za wananchi benki ikiyumba?" Wengi wakakubali. Kila mara walikuwa kama 60, wakijibu kwa kunyoosha mikono. Mwenyekiti anasema wanachama ni vigeugeu. Tuandike jibu lipi?

JIBU: Ndugu katibu, wanachama wako si vigeugeu, na naomba sana neno hilo lisiingie kwenye taarifa. Mliwauliza mambo mawili, nao wakajibu yote mawili.

Hili limewakuta hata wazoefu. Septemba 2008, Marekani ikijadili mpango wa dola bilioni 700 wa kunusuru sekta ya fedha, Pew, taasisi ya kupima maoni, waliuliza kuhusu serikali kuwekeza mabilioni ili taasisi za fedha na masoko yabaki salama. Asilimia 57 waliunga mkono. Siku hizo hizo, Bloomberg na Los Angeles Times waliuliza kama ni wajibu wa serikali kuokoa kampuni binafsi kwa dola za walipa kodi, na asilimia 55 wakasema hapana. Sasa rudi kwenye maswali yenu. La kwanza lina "kodi zetu" na "iliyoshindwa". Anayelisikia ameshakasirika kabla hujamaliza kulisoma. La pili lina "kulinda" na "akiba", na gharama haikutajwa kabisa.

Lakini kwenu kuna jambo zito kuliko maneno. Kuokoa benki ni kumwokoa nani? Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji, mojawapo ikiwa Meru Community Bank ya Arusha. Mwenye amana alikuwa na kinga ya Bodi ya Bima ya Amana hadi sh. 1,500,000 (leo ni 7,500,000); kilichozidi kilisubiri ufilisi, yaani mali za benki ziuzwe. Mwenye hisa husimama mwisho wa foleni, na mara nyingi haambulii kitu. Tena mfuko wa bima hiyo huchangiwa na mabenki yenyewe. Kwa hiyo mwanachama anaweza kukataa kodi yake kuguswa na bado akataka akiba ya jirani yake ilindwe, bila kujipinga hata kidogo.

Wakati huo huo benki ya ushirika ya hapo Moshi, KCBL, ilipewa hadi Juni 2018 iongeze mtaji. Benki ile ilianzishwa na vyama vya ushirika vya mkoa wenu. Mkulima wa Kibosho au Uru aliweza kuwa na akaunti mle, kuwa na sehemu ya hisa kupitia AMCOS yake, na kulipa kodi kila anunuapo sukari. Mtu kama huyo ukimuuliza swali moja, hajui unasema na nani kati ya hao watatu.

Kwa hiyo tenganisheni. Swali la kwanza lihusu wenye amana waliozidi kiwango cha bima: je, serikali iwalipe kilichobaki? La pili lihusu wenye hisa. La tatu liulize kama mikopo chechefu (iliyoshindwa kurejeshwa) ilipwe na Hazina au na waliokopa. Hapo wazee watakuwa na mengi ya kusema, maana wanakumbuka NBC ya zamani, Benki ya Taifa ya Biashara, kabla haijagawanywa mwaka 1997. Kila swali litaje fedha zinatoka wapi, na pawe na nafasi ya "sina uhakika".

Acheni mikono. Mzee anayeheshimiwa akishanyoosha wake, walio nyuma yake wanamfuata. Tumieni karatasi za siri. Mkitaka kupima nguvu ya maneno, chagueni kwa kura kutoka kwenye rejista: 30 wapewe fomu yenye swali lenu la mkutano wa kwanza, 30 yenye la mkutano wa pili, siku moja, kabla hawajajadiliana. Ila kwa idadi hiyo, tofauti isiyofika pointi 25 hivi za asilimia inaweza kuwa bahati tu. Hata mkiwauliza wote 60 swali moja, jibu hucheza pointi 13 juu au chini kama chama ni kikubwa.

Kwa taarifa ya sasa, andikeni matokeo yote mawili, kila moja chini ya swali lake, neno kwa neno kama lilivyosomwa mkutanoni.