Kijimlango cha paka: fikiria mkono wa mwizi

Dada, umesema uko Leicester, England, na unataka kijimlango cha paka, yaani kijitundu chenye kifuniko mlangoni cha paka kupita; ila paka wa jirani anaingia kwako kumaliza chakula cha paka wako, na mumeo anahofia wezi. Pole. Paka wa jirani hana haya.

Kwa huyo mgeni, nunua kijimlango kinachosoma chipu, kile kidude kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi ya paka; kitamfungulia wako tu. Tangu 10 Juni 2024, sheria ya England inataka paka wa kufugwa awe na chipu kabla ya kufikisha wiki 20, kwa hiyo wako huenda anayo tayari. Vile vinavyofunguliwa na sumaku ya kwenye kola, ukanda wa shingoni, mimi sivipendi: kola ikipotea, paka analala nje. Ila uliza kabla ya kulipa, maana vingi husoma anayeingia tu. Ukitaka kuchagua nani atoke, tafuta kinachosoma pande zote mbili.

Kuhusu mwizi, tundu lenyewe mtu mzima hapiti. Hatari ni mkono. Litobolewe chini kabisa, mbali na kitasa, na usiku ufunguo usibaki kwenye kitasa hata siku moja. Wengi hukifunga vizuri kijimlango, kisha ufunguo wanauacha unaning'inia palepale!

Kama mlango ni wa kioo, usijaribu drili. Kioo kigumu cha usalama hakitobolewi kikishatengenezwa, kitapasuka chote. Fundi vioo ataagiza kingine chenye tundu tayari. Nyumba ikiwa ya kupanga, ongea na mwenye nyumba kwanza.

Na betri za kijimlango, weka za akiba.