Overlook siyo kukagua: kwa wadogo zangu wa kiwanda cha samaki

Juzi hapa Mwanza, kwenye daladala ya Igoma, nilikaa nyuma ya vijana wawili wa fildi, wamefungua daftari lenye mistari minne: neno, matamshi, maana, ngazi. "Abundant, abandanti, tele, B2." Maneno hamsini kwa siku! Nilinyamaza mpaka nikashuka, maana daftari lile lilikuwa langu miaka hiyo, hadi wino wake.

1. Acheni kuabudu ngazi. A1 (anayeanza) mpaka C2 (bingwa) ni vipimo vilivyochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, vya kupima mtu anaweza kufanya nini kwa lugha. Leo mnazibandika kwenye maneno kama bei, halafu mnakimbilia ya C1. Neno la kukuumbua huwa halitishi hata kidogo.

Mwaka wangu wa pili kitengo cha ubora, mnunuzi wa Ulaya aliandika kuuliza nani amekagua makatoni ya minofu ya sangara. Nikaona leo ndiyo leo. Nilishakutana na "overlook" kwenye tangazo la hoteli moja Capri Point, vyumba "overlooking the lake", yaani vinavyotazama ziwa. Daftarini nikajumlisha: over, juu, look, tazama, basi ni kutazama kila kitu kwa makini. Nikajibu: "I personally overlooked all the cartons." Nikaisoma mara mbili, nikakisifu hasa kile "personally", nikatuma, nikaenda zangu Kirumba kula sato.

Asubuhi meneja akanisomea sentensi ile polepole, akauliza kama ni yangu. Nikasema ndiyo, tena kifua mbele. Kumbe nimemwandikia mteja kwamba makatoni yote, mimi binafsi, yamenipita bila kuyaangalia. Na hawa ni watu ambao mwaka 1999 Umoja wa Ulaya uliwahi kufunga mlango kwa samaki wa ziwa hili kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Utani wa namna hiyo hawana. Mzigo ukasimama siku mbili. Makatoni yakafunguliwa upya moja moja, nami nimo chumba cha baridi, pua imekufa ganzi, wapakiaji wanaimba "ova-luku, ova-luku". Neno nililolihitaji lilikuwa "check". Check! Mtoto wa darasa la tatu analo.

(Kusimamia ni "oversee". Ila "oversight" ni usimamizi, na pia ni kosa la kupitiwa. Mkiandika hilo, nileteeni kwanza.)

2. Matamshi hayaandikwi "abandanti". Sisi mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Wao popote wanapojisikia. Temperature mkazo uko mwanzoni, TEM. Kile kialama kama koma iliyopandishwa juu kwenye kamusi kinasimama kabla ya silabi yenye mkazo, siyo uchafu wa kioo cha simu. Mkaguzi mgeni alimwambia kijana wetu "check the eyes", akimaanisha macho ya samaki. Kijana akarudi na beleshi la barafu. Ice inaishia na s, tena inakatwa fupi. Eyes inaishia na z, na sauti inavutwa. Receipt haina p mdomoni: waliotuletea "risiti" walisikia kwa masikio, sisi wasomi ndio tunaoing'ang'ania. Salmon, l imelala. Salmonella, l imeamka, ingawa bakteria hao wamepewa jina la Daniel Salmon, daktari wa mifugo wa Marekani. Msiniulize kwa nini.

3. Kila neno liandikie sentensi ya kazini kwako. Basi.

4. Kamusi haijui Mwanza. Wiki iliyopita oda ilikuja ya "fish maw". Kijana mmoja akatafuta maw, akakuta tumbo la mnyama, akakusanya matumbo ya sangara kwa uaminifu kabisa. Mnunuzi alitaka mabondo, vile vifuko vya hewa vya samaki! Nilimkuta anasukuma toroli, nzi wanamsindikiza. Sikumgombeza. Nilimwambia anawe mikono, nikamwagizia chai, nikavuta droo nikamtolea ile barua pepe yangu, ambayo niliichapa na bado ninayo. Alipofika kwenye "personally" chai ikamtokea puani.