Lyon: anzia juu, ushuke kwa miguu

Mtu akishapata viza ya Schengen, akili yote hukimbilia Paris. Paris ina mambo yake, sibishi. Lakini ukipanda TGV, treni ya mwendo kasi, pale Gare de Lyon (jina lisikuchanganye, stesheni hiyo iko Paris), saa mbili hivi baadaye uko Lyon kwenyewe. Kama una siku mbili tatu za ziada katika safari yako, zipeleke huko. Tiketi ikatwe mapema, wiki kadhaa kabla, maana bei ya dakika za mwisho inauma. Shukia stesheni ya Part-Dieu, nunua tiketi ya metro, uingie mjini.

Lyon una mito miwili, Rhône na Saône, na vilima viwili, Fourvière na Croix-Rousse. Wenyeji husema kilima kimoja kinasali na kingine kinafanya kazi. Wageni wengi huganda chini, kwenye mtaa wa Saint-Jean, wanapiga picha, wanakula kwa bei ya juu, wanaondoka. Mimi nasema anza na vilima. Panda kwa chombo, shuka kwa miguu. Magoti yatakushukuru, na utauelewa mji vizuri zaidi ukiwa umeuona mzima kabla ya kuingia vichochoroni.

Asubuhi ya kwanza iwe ya Fourvière. Karibu na kanisa kuu la Saint-Jean kuna treni fupi zinazovutwa kwa kamba ya chuma, na tiketi ya metro inatosha. Juu utakuta basilika nyeupe ambayo ujenzi wake ulianza 1872. Wakati wa vita vya Ufaransa na Prussia watu wa Lyon waliweka nadhiri kwamba mji ukisalimika watamjengea Bikira Maria kanisa. Mji ukasalimika. Kwa sababu ya minara yake minne, wenyeji huliita tembo aliyelala chali, na ukishaambiwa hivyo huwezi tena kuliona vingine. Ndani kumejaa dhahabu na vigae vya rangi kila mahali. Kwa jicho langu ni mapambo kupita kiasi, lakini kuingia ni bure na mandhari kutoka kwenye uwanja wake peke yake inalipa safari.

Tembea kidogo ufike kwenye kumbi za wazi za Warumi. Ukubwa wa ile kubwa ulikuwa wa kukalisha watu wapatao elfu kumi. Unaingia bila kulipa na unakalia mawe yaleyale. Pembeni kuna makumbusho ya Lugdunum (jina la Lyon enzi za Warumi), yaliyozikwa ubavuni mwa kilima kiasi kwamba kwa nje huyaoni. Yafunga Jumatatu, kwa hiyo panga siku zako. Humo usikose bamba la shaba lenye hotuba ya Kaisari Klaudio, aliyezaliwa papa hapa Lyon. Mwaka 48 aliwaomba maseneta wa Roma wawakubalie wakuu wa Galia, yaani Ufaransa ya kale, kuingia katika seneti. Mtu aliyewahi kupanga foleni ya viza atasoma maelezo ya bamba lile akitabasamu.

Wakati wa kushuka, pitia Montée Saint-Barthélemy. Hapo ipo nyumba ya Pauline Jaricot, binti wa mfanyabiashara wa hariri. Alibuni utaratibu wa watu kumi kumi, kila mmoja akitoa senti kila wiki kwa ajili ya misheni, na mwaka 1822 ukazaliwa hapa Lyon mfuko wa Kueneza Imani. Fedha za mfuko huo zilisaidia misheni nyingi za Kikatoliki za karne ya 19, na ile ya Bagamoyo ni mojawapo. Watalii wengi huipita nyumba hii bila kugeuza shingo. Kwa msomaji wa pwani yetu, hapo pana sababu ya kusimama.

Chini sasa ni Vieux Lyon, mji mkongwe, na hapa ndipo penye traboule: njia zinazopenya ndani ya majengo kutoka mtaa mmoja hadi mwingine, kupitia ua, ngazi za mviringo na visima vya kale. Ukiwa umezoea Mji Mkongwe wa Zanzibar utadhani unajua vichochoro, ila tofauti ni kwamba hivi vimejificha nyuma ya milango. Mlango unaonekana kama wa nyumba ya mtu, na kweli ni wa nyumba ya mtu. Nenda asubuhi, tafuta kibao kidogo ukutani, bonyeza kitufe au sukuma. Ukifunguka, ingia. Ukigoma, achana nao, si zote ziko wazi kwa umma. Ile ndefu kuliko zote mtaani hapo inaanzia namba 54 rue Saint-Jean na kutokea 27 rue du Bœuf. Punguza sauti kama ungefanya uani kwa jirani, kwa sababu juu yako watu wamelala au wanapika. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wapigania uhuru wa Ufaransa walizitumia njia hizi kuwapotea askari wa Kijerumani.

Siku ya pili ni ya Croix-Rousse, na hii ndiyo ninayoipenda zaidi. Metro ya mstari C inapanda kilima kwa meno ya chuma hadi juu. Ukitoka, uwanjani kuna sanamu ya Joseph-Marie Jacquard, mzaliwa wa Lyon, ambaye mwanzoni mwa karne ya 19 alitengeneza mtambo wa kufuma unaoongozwa na kadi zenye matundu. Kompyuta za mwanzo zilikuja kuazima wazo hilo la kadi. Mtambo wenyewe ulikuwa mrefu, na ndiyo maana nyumba za kilima hiki zina dari za mita nne hivi na madirisha marefu: mfumaji alikula, akalala na kulea watoto kando ya mtambo wake. Usibaki kuwazia tu. Nenda Maison des Canuts, rue d'Ivry, ukaone mtambo ukifanya kazi na usikie kelele yake. Kisha zidisha kelele hiyo kwa kilima kizima.

Wafumaji hao, waliojulikana kama canuts, walilipwa kwa kipande. Mwaka 1831 walidai bei ya chini kabisa iwekwe, ikakubaliwa, halafu baadhi ya wafanyabiashara wakaikataa. Wafumaji wakashuka mjini na bendera nyeusi iliyoandikwa: kuishi tukifanya kazi au kufa tukipigana. Waliushika mji kwa siku kadhaa. Walipoasi tena 1834 jeshi likawakandamiza kwa damu nyingi. Ukiwa na habari hizo kichwani, shuka sasa kupitia Cour des Voraces, namba 9 place Colbert, ambako ngazi kubwa ya mawe inapanda ghorofa sita uani. Endelea kushuka mpaka Place des Terreaux, kwenye chemchemi ya farasi iliyochongwa na Bartholdi, yule yule wa Sanamu ya Uhuru ya New York. Bustani ya ndani ya Makumbusho ya Sanaa hapo ni bure, ina mabenchi, na miguu itakuwa imechoka.

Kuhusu chakula, jua kwanza saa. Jiko hufunguliwa adhuhuri na kufungwa saa nane mchana, ukifika saa tisa utaambulia sandwichi. Migahawa ya asili huitwa bouchon. Chakula cha mchana ni nafuu kuliko cha usiku. Aliyezoea supu ya utumbo hatashtuka, maana utumbo wanaupenda: tablier de sapeur ni utumbo uliopakwa chenga za mkate na kukaangwa. Nguruwe yuko karibu kila mahali, hata kwenye saladi, kwa hiyo asiyemla aulize kwanza, au aagize quenelle, donge laini la samaki. Omba une carafe d'eau, maji ya bomba yasiyolipiwa. Na kabla ya ombi lolote, sema bonjour. Muuzaji anayeulizwa bei bila kusalimiwa hununa, na sisi tuliolelewa na shikamoo hatuna haki ya kumlaumu.

Ukiukumbuka wali, vuka Rhône uende Guillotière, mtaa wa wahamiaji wenye maduka ya Waafrika, Waarabu na Waasia na nyama halali tele. Simu mfukoni, mkoba mbele.

Mwezi wa Desemba, kuzunguka tarehe 8, kuna Sikukuu ya Taa, kumbukumbu ya usiku wa 1852 watu walipowasha mishumaa madirishani kuipokea sanamu ya Bikira Maria pale Fourvière. Inapendeza, ila hoteli hupanda bei na mitaa hujaa hadi metro zinafungwa baadhi ya vituo. Kama huna ndugu wa kukulaza, chagua Mei au Septemba.