Naogopa siku ya hukumu, na kuna jambo sijawaambia wadogo zangu

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 44, ni mama wa watoto watatu, nauza vitenge sokoni hapa Morogoro. Nimeokoka miaka mingi na ninaimba kwaya. Tangu mkesha wa mwezi uliopita sipati usingizi. Mhubiri mgeni alisema mwaka huu hautaisha kabla parapanda haijalia, na asiyetoa sadaka ya shilingi 500,000 ya kujifunika siku hiyo atakutwa uchi. Nimefunga hadi nimekonda, sokoni siendi kila siku, na mwanangu mdogo ananiuliza kama tutakufa. Shangazi, kuna kitu hata mume wangu hakijui. Baba alipofariki mwaka 2014, mimi kama mkubwa ndiye niliyeuza kiwanja chake. Kilitoka kwa milioni 9. Wadogo zangu wawili niliwaambia ni milioni 6, nikawapa milioni 2 kila mmoja. Nimetubu mbele za Mungu mara nyingi. Je, inatosha? Na hiyo 500,000 ninayo, ni mgao wangu wa kikoba. Niitoe?

Marahaba, mwanangu. Naanza na pesa ya kikoba, maana nisingependa uitoe kabla hujafika mwisho wa jibu hili. Usiitoe. Ina wenyewe, nitakwambia ni akina nani.

Kuhusu mwaka uliotajwa, Yesu mwenyewe alilimaliza hilo katika Mathayo 24:36: "Walakini habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika walio mbinguni, wala Mwana, ila Baba peke yake." Baada ya neno hilo hakuna mtumishi, awe na upako kiasi gani, wa kukuwekea Yesu ratiba. Waliojaribu waliumiza watu. Kule Marekani, wafuasi wa William Miller waliingoja tarehe 22 Oktoba 1844, wengine wakaacha mazao shambani bila kuyavuna, na asubuhi ya tarehe 23 ikafika kama kawaida. Hapa kwetu yamekuwa mazito zaidi. Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo lao la ibada baada ya tarehe waliyotangaziwa kupita. Na msitu wa Shakahola, kule Kilifi nchini Kenya, mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili ambayo ilizidi 400, watoto wakiwamo, wengi wamekufa kwa njaa kwa kuamini kuwa kufunga kutawafikisha kwa Yesu. Sisemi mhubiri wenu ni wa namna hiyo. Nasema umekonda, umeacha biashara, na mtoto wako anaongelea kifo. Rudi mezani ule, rudi sokoni. Wathesalonike nao waliambiwa siku ya Bwana imekwisha kufika, na Paulo aliwaandikia watulie, wafanye kazi, wale chakula chao wenyewe. Usingizi usiporudi baada ya wiki mbili tatu, nenda kituo cha afya na umwone pia mchungaji wako wa siku zote, yule anayekujua. Mtoto mwambie kwamba Yesu anampenda na mama yupo. Kwa umri wake hayo yanamtosha.

Hukumu yenyewe lakini ipo, na sitakudanganya ili ulale. "Watu wanavyowekewa kufa mara moja, na baada ya kufa hukumu," ndivyo Waebrania 9:27 inavyosema, na kila Jumapili makanisa mengi yanakiri kwamba Kristo atakuja kuwahukumu wazima na wafu. Paulo aliwaandikia Wakorintho, watu waliokwisha kuamini, kwamba sote imetupasa kudhihirishwa mbele ya kiti cha hukumu cha Kristo. Naomba uangalie kiti hicho ni cha nani. Yohana sura ya 5 inasema Baba amempa Mwana hukumu yote. Atakayeketi pale ni yule yule aliyekufa kwa ajili yako, na Yohana huyo huyo anamwita Mwombezi wetu kwa Baba. Ndiyo maana Paulo aliweza kuandika, "Sasa, basi, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu." Hakuweka hapo kiingilio cha shilingi 500,000. Kama neema ingenunuliwa, mama muuza mchicha wa jirani yako angekuwa amekwisha kupotea, na huo si ujumbe wa msalaba.

Tena soma Mathayo 25, pale Mfalme anapotenganisha kondoo na mbuzi. Sikiliza anachowauliza: njaa, kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa, aliye kifungoni. Haulizi nani alijua mwaka. Anasema, "Kadiri mlivyomtendea mmojawapo wa hao ndugu zangu walio wadogo, mlinitendea mimi." Nadhani hapo ndipo moyo wako unaporuka, mwanangu, kwa sababu una wadogo wawili wa tumbo moja na unajua ulivyowatendea.

Umeuliza kama toba yako inatosha. Damu ya Yesu inatosha, hapo sina la kuongeza. Toba yako, ilivyo sasa, haijafika mwisho. Umemwambia Mungu, ambaye tangu siku ile ya mauzo alikuwa anajua, na hujawaambia watu wawili ambao mpaka leo hawajui. Milioni moja moja yao bado iko kwako. Kila unapopiga magoti dhamiri inakurudisha palepale, na mimi naamini ni Roho Mtakatifu anakutendea wema, ingawa unauona kama mateso. Hofu ya mhubiri yule haikuambii ufanye nini zaidi ya kutoa pesa. Hii nyingine inakuelekeza kwenye majina mawili.

Mkumbuke Zakayo. Yesu alijialika nyumbani kwake kabla mtoza ushuru yule hajarudisha hata senti. Kwanza alipokelewa, kisha akasimama akasema, "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Alirudisha kwa furaha ya mtu aliyekwisha kupendwa. Mara nne ilikuwa nadhiri yake, sikuwekei wewe. Torati, katika Hesabu sura ya 5, inamtaka anayeungama kosa lake arudishe kamili alichokosa na kuongeza sehemu ya tano. Kwako hiyo ni shilingi 1,200,000 kwa kila mdogo wako, na ukikumbuka milioni ya 2014 ilinunua nini, sioni kwamba nyongeza hiyo ni kubwa.

Unganisha sasa na Mathayo 5, mtu aliyefika madhabahuni na sadaka akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake. Anaambiwa aiache sadaka pale, aende apatane kwanza. Hiyo 500,000 igawe mara mbili, 250,000 kwa huyu na 250,000 kwa yule.

Mwambie mume wako kwanza. Atakasirika, pengine sana, lakini malipo yanayobaki yatatoka kwenye riziki ya nyumba yenu na ana haki ya kujua. Kisha nenda kwa kila mdogo wako uso kwa uso. Usimwagize shemeji wala usitume ujumbe wa simu. Sema maneno machache: "Mdogo wangu, kiwanja cha baba kiliuzwa milioni 9. Nilikudanganya. Fungu lako lilikuwa milioni 3, nikakupa 2." Usianze kueleza ada za watoto na shida za mwaka ule. Huenda zilikuwa za kweli, ila ukizitaja atalazimika kukuhurumia kabla hajapata nafasi ya kuumia. Mpe ile 250,000, andikeni kiasi kilichobaki na tarehe za kulipa, awepo mjomba au mzee wa kanisa kama shahidi.

Usimdai msamaha siku hiyo hiyo, wala usimsomee mstari wa kusamehe saba mara sabini. Huyo ni mtu aliyeibiwa na dada yake, anahitaji muda wake. Akikaa mwaka mzima bila kuongea nawe, endelea kulipa. Akikurushia pesa kwa hasira, usizirudishe kwenye matumizi yako. Mpe yule shahidi amtunzie kwa jina lake, na mwezi unaofuata upeleke nyingine.