Metformini Siku za Kuharisha

SWALI: Mama ana kisukari cha aina ya pili na kwa miaka kadhaa anameza metformini ya miligramu 850 asubuhi na jioni. Wiki iliyopita aliharisha na kutapika siku mbili, lakini hakuacha dawa kwa kuhofia sukari kupanda. Alifanya sawa?

JIBU: Hofu yake ina msingi, maana maradhi huweza kupandisha sukari hata kwa mtu asiyekula kitu. Hata hivyo, siku kama hizo metformini husimamishwa. Dawa hii haivunjwi na ini. Figo huitoa kwenye mkojo kama ilivyomezwa. Mwili ukikaukiwa maji, damu inayofika kwenye figo hupungua, dawa inarundikana, na asidi ya laktiki huweza kuzidi kwenye damu. Hali hiyo ni nadra, lakini inaua.

Akianza tena kutapika au kuharisha sana, asimeze dozi inayofuata. Anywe maji kidogo kidogo, mara kwa mara, na apime sukari kila baada ya saa 4 hivi. Dawa airudie akishakula na kunywa kama kawaida kwa saa 24 hadi 48, kwa dozi ileile, bila kufidia alizoruka. Kama anachoma pia insulini, hiyo asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Apige simu kliniki aelekezwe.

Kagueni na dawa zake nyingine, kwani hapa ndipo wengi huteleza. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, dawa za kukojosha na baadhi ya dawa za presha huzidi kuzilemea figo zilizokosa maji. Dapagliflozini na empagliflozini, ambazo pia ni dawa za kisukari, nazo husimamishwa, kwa sababu zinaweza kujaza asidi nyingine kwenye damu huku sukari ikionekana karibu na kawaida.

Mpelekeni hospitali mara moja akihema haraka na kwa kina, akisinzia au kuchanganyikiwa, akiumwa sana tumbo au misuli, asipokojoa, akitapika kila anachokunywa, au sukari ikibaki juu ya milimoli 15 kwa lita (miligramu 270 kwa desilita).

Sasa amepona, ombeni apimwe uchujaji wa figo (eGFR, kwa mililita kwa dakika). Ukiwa chini ya 30, metformini haitumiki kabisa. Kati ya 30 na 45, kwa kawaida dozi haizidi miligramu 1,000 kwa siku, na mama anameza 1,700. Kipimo hiki kinahitajika walau mara moja kwa mwaka hata asipougua. Akilalamika ganzi miguuni, aangaliwe pia vitamini B12, kwani metformini ikitumika miaka mingi huweza kuipunguza.

SWALI: Natumia metformini inayoyeyuka taratibu. Nimeona kama kidonge kizima chooni. Je, nikivunje ndipo nikimeze?

JIBU: Usikivunje, usikisage wala kukitafuna. Ulichoona ni ganda. Dawa yenyewe imeshatoka ndani yake. Ukikivunja, dozi iliyopangwa kutoka kwa saa nyingi hutoka kwa mkupuo, na tumbo ndilo litakaloanza kulalamika. Kimeze kizima pamoja na mlo wa jioni. Kikikushinda kwa ukubwa, mwombe mfamasia aulizie kwa daktari wako vidonge vya miligramu 500 badala ya vya 1,000: idadi itaongezeka, dozi haitabadilika.